Ndagala Anahitaji Mapatano, Samaki wa Mawe Anahitaji Mlima

Kasa na matumbawe ya baharini yanatuonyesha kwa nini kufunga Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu ni nusu tu ya kazi, na kwa nini nusu iliyobaki imo mikononi mwa watu wa Fizi na Baraka, upande wa Kongo.

Oktoba 2025, mjini Abu Dhabi, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, ulitangaza habari ambayo wengi hawakuitarajia: kasa wa kijani ametoka katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka. Alikuwa ameandikwa humo tangu miaka ya 1980. Karibu mwaka mmoja kabla ya hapo, Novemba 2024, umoja huo huo ulikuwa umetoa habari ya kuhuzunisha: asilimia 44 ya aina za matumbawe yanayojenga miamba katika bahari za joto zimo hatarini.

Viumbe hawa wawili wanaishi katika maji yale yale. Wote wamelindwa kwa sheria za kimataifa kwa miaka mingi, na wote wametetewa na watu wenye moyo. Hata hivyo mmoja anainuka na mwingine anaanguka. Anayetaka kujua sababu atazame jinsi kila mmoja anavyoishi, kwa kuwa namna ya kuishi ndiyo inayoamua namna ya kulindwa.

Msomaji wa Baraka anaweza kuuliza habari hizi zinamhusu nini, maana Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita 1,000 mashariki ya gati letu. Zinamhusu sana. Ndani ya Ziwa Tanganyika, mbele ya macho yetu, wapo viumbe wanaosafiri kama kasa, na wapo waliofungamana na mahali pamoja kama matumbawe. Tumeanza kuwalinda wale wa kwanza. Wale wa pili hatujawakumbuka.

Msafiri wa bahari

Kasa hana nchi. Jike la kasa wa kijani hutaga katika mchanga wa pwani ya eneo alikozaliwa, kisha huondoka kwenda kwenye malisho ya majani ya bahari yaliyo mamia ya kilomita mbali, pengine zaidi. Kasa waliofungwa vyombo vya kufuatiliwa kwa setilaiti katika visiwa vya magharibi mwa Bahari ya Hindi wameonekana wakielekea Tanzania, Kenya, Msumbiji na Madagaska. Anayemlinda kasa katika ufuo mmoja tu anamlinda kwa wiki chache za maisha yake. Siku zilizobaki anaishi kwa hisani ya watu wengine.

Tena ni mnyama wa subira ndefu. Humchukua miaka ishirini, thelathini, hata zaidi, kufikia umri wa kuzaa. Katika kila kiota hutaga mayai yapatayo mia moja, lakini ni wachache mno kati ya watoto wanaofika utu uzima. Ukimchinja jike mmoja mzima umefuta kazi ya miongo kadhaa.

Basi kasa amepataje nafuu? Amepata kwa sababu adui yake mkubwa alikuwa mkono wa binadamu, na mkono unaweza kuzuiwa. Biashara ya kimataifa ya nyama, mayai na magamba ilipigwa marufuku. Katika kisiwa cha Aldabra huko Shelisheli uwindaji ulikomeshwa mwaka 1968, na majike wanaopanda kutaga wameongezeka mara kadhaa tangu wakati huo. Huko Watamu, pwani ya Kenya, wavuvi hutoa taarifa kasa anaponaswa kwenye nyavu zao, akachunguzwa kisha akarudishwa majini. Nchi za Bahari ya Hindi zina hati yao ya makubaliano kuhusu kasa, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Si aina zote zilizopona. Ng'amba, kasa aliyewindwa kwa ajili ya gamba lake zuri, bado yuko katika daraja la hatari kubwa kabisa. Lakini njia imejulikana: nchi zikipatana na watu wakazuia mikono yao, kwa muda mrefu na bila kuchoka, mnyama anayesafiri hurudi.

Asiyeweza kuhama

Matumbawe ni habari nyingine. Wengi huyadhani kuwa mawe, na kwa karne nyingi yamechimbwa kujengea nyumba na misikiti ya miji ya pwani. Kumbe ni wanyama. Kila jiwe la tumbawe hai limefunikwa na maelfu ya vijinyama laini vyenye mdomo na minyiri, na vijinyama hivyo ndivyo vinavyojijengea chokaa chini yao. Ndani ya miili yao huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji sehemu kubwa.

Urafiki huo hauvumilii joto. Maji yakizidi joto la kawaida la msimu wa joto kwa nyuzi moja tu ya selsiasi, na hali hiyo ikaendelea kwa wiki kadhaa, tumbawe huitoa mimea yake na kubaki jeupe. Joto lisipopungua mapema, hufa njaa. Mwaka 1998 joto la El Niño liliua zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai kuzunguka visiwa vya ndani vya Shelisheli, na Kenya na Tanzania nazo ziliumizwa vibaya. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo katika wimbi la nne la weupe huo kwa bahari zote.

Kasa akikuta maji hayamfai ataogelea kwenda kwingine. Tumbawe likishakaa limekaa. Hifadhi ya kisiwa cha Chumbe, Unguja, ilianzishwa mwaka 1994 na mwamba wake ni kati ya iliyotunzwa vizuri katika ukanda wetu wote, lakini hakuna mlinzi anayeweza kulikataza joto lisiingie. Na si joto peke yake. Hifadhi ya bahari ya Malindi ilitangazwa mwaka 1968, ikiwa pamoja na ya Watamu ya kwanza nchini Kenya, na kuvua humo ni marufuku. Lakini mto Sabaki unaomwaga maji karibu yake huleta udongo wa mashamba yaliyo mamia ya kilomita bara. Tope huziba mwanga na kuyafunika matumbawe. Mkulima wa huko juu hajawahi kuiona bahari, wala hakukusudia ubaya, lakini udongo aliopoteza shambani unatua juu ya viumbe wasioweza kuukimbia.

Hapo ndipo tofauti yao ilipo. Adui wa kasa huja kwa mtumbwi na wavu. Adui wa tumbawe huja kwa mto na kwa hewa, akitoka kwa watu wasiolijua. Ndiyo maana kuzuia mikono kumemwinua mmoja na hakukutosha kwa mwingine.

Ziwa lenye jamaa wa bahari

Sasa turudi nyumbani. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470. Duniani ni ziwa la Baikal, Urusi, pekee linalolizidi kwa kina. Umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na milioni 12, na muda huo wote viumbe wake wamejikuza ndani yake peke yao mpaka wakawa wa pekee duniani.

Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm alikuta humo kitu kilichowashangaza wataalamu wa Ulaya: konyeza, yule kiumbe laini wa baharini ambaye wengine humwita yavuyavu, akielea katika maji baridi. Ni mdogo, wa sentimita mbili hivi, naye ni wa ukoo mmoja na matumbawe. Konokono wa ziwa nao wana magamba mazito yenye miiba na mapambo, utafikiri wameokotwa ufukweni Zanzibar. Mwingereza J. E. S. Moore alipoona mambo hayo aliamini kwamba ziwa letu ni kipande cha bahari ya kale kilichosahaulika bara, akaandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1903. Wachunguzi waliomfuata walionyesha kwamba haikuwa hivyo: konokono wale walipata sura ya kibahari humu humu ziwani, kwa kushindana na kaa na samaki wanaovunja magamba.

Hata hivyo uhusiano wetu na bahari ni wa kweli. Maji ya ziwa hutoka kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga pale Kalemie. Lukuga huingia Lualaba, Lualaba huwa mto Kongo, na Kongo huishia baharini karibu na Muanda, ndani ya eneo la hifadhi ya mikoko iliyoanzishwa mwaka 1992, ambako kasa wa Atlantiki hupanda kutaga. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hupotea kwa jua. Yale machache yanayopita Lukuga huvuka taifa letu zima hadi kwenye ufuo wa kasa.

Wasafiri wa Tanganyika

Msafiri mkuu wa ziwa letu ni mdogo kuliko kidole. Ndagala, ambaye ng'ambo ya Kigoma huitwa dagaa na huko Mpulungu, Zambia, kapenta, huishi kwa makundi katika maji ya wazi, akifuata vijidudu anavyokula. Usiku usio na mbalamwezi huvutwa na taa za wavuvi. Zamani zilikuwa karabai, leo nyingi ni za betri na sola. Nyuma ya ndagala huja wawindaji wake: mukeke, ambaye Watanzania humwita mgebuka, na ndugu zake wakubwa wa jamii ya sangala. Aina hizo zote hazipatikani kiasili popote pengine duniani.

Watafiti waliochunguza vinasaba vya ndagala sehemu mbalimbali za ziwa walichapisha matokeo yao mwaka 2020. Hawakuona mgawanyo wa kaskazini na kusini. Ni jamii moja inayochanganyika. Ndagala aliyekwepa wavu wa Baraka leo anaweza kuzaa watoto watakaoanikwa kwenye mchanga wa Kigoma au Rumonge. Hana pasi ya kusafiria, kama kasa.

Wasafiri wakubwa wameshaumizwa. Miaka ya 1950 wavuvi wa Kigiriki walileta nyavu kubwa za kuzungusha upande wa Burundi, na uvuvi wa viwanda ukaenea hadi Zambia. Sangala wakubwa, wanaochelewa kukomaa, walikuwa wa kwanza kupungua. Aina kadhaa kati yao zimo katika orodha ya IUCN ya viumbe walio hatarini. Ndagala, anayekua na kuzaa ndani ya mwaka mmoja hivi, amestahimili zaidi, na ndiye aliyebeba mzigo wa kulisha miji ya pwani. Katika miaka ya 1990 samaki waliovuliwa ziwa zima walikadiriwa kuwa kati ya tani 165,000 na 200,000 kwa mwaka. Tangu hapo, mvuvi yeyote wa ghuba ya Burton, hapa Baraka, anaweza kukueleza jinsi usiku mmoja wa leo usivyolingana na usiku mmoja wa baba yake.

Kwa wasafiri hawa dawa ya kasa inafaa, na imeshaanza kutumika. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa ziwa jijini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Mwaka 2021 nchi hizo zilikubaliana hatua za pamoja za uvuvi, mojawapo ikiwa kulifunga ziwa kila mwaka kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Tanzania ilifunga upande wake mwaka 2024. Upande wa Kongo nao wavuvi wameamriwa kuweka mitumbwi nchi kavu miezi hiyo.

Amri hiyo ni chungu. Familia inayokula kwa kile kilichopatikana jana usiku haina akiba ya miezi mitatu, na mama anayeanika ndagala hana mtaji mwingine wa kugeukia. Uchungu huo unazidi pale mvuvi wa huku anapokaa nyumbani na kuziona taa za ng'ambo zikiwaka. Kwa hiyo mapatano yanapaswa kuwa mapatano kweli: tarehe moja kwa nchi zote nne, na kila upande uwe na imani kwamba mwenzake ametii. Bila hayo, anayefunga peke yake anamfugia samaki jirani yake.

Wakazi wa Ubwari

Sasa mtazame upande wa pili, rasi ya Ubwari inayoikinga Baraka na mawimbi ya ziwa kuu. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita na mwenzake Speke mwaka 1858 aliandika habari za Ubwari akidhani ni kisiwa. Kwa watu alikosea, lakini kwa samaki wa mawe hakuwa mbali na ukweli. Kwao kila genge la mawe ni kisiwa, na mchanga unaotenganisha genge na genge ni kama bahari wasiyoweza kuivuka.

Samaki hao, ambao wataalamu huwaita Tropheus, ni wa urefu wa kiganja. Kazi yao kutwa ni kukwangua ukoga kwenye mawe yaliyo karibu na uso wa maji, mahali jua linapofika. Hawapendi maji ya kina wala mchanga mtupu, kwa hiyo kwa maelfu ya vizazi kila pwani imejijengea jamii yake. Mahali pengine ni weusi, pengine wana mkanda wa njano, pengine wekundu, pengine kijani. Kule Bemba, kaskazini mwa Baraka, wako wale ambao watoto wao ni weusi wenye madoa meupe kama anga la usiku, na wakikua madoa hufutika wakabaki na mkanda mmoja wa rangi nyepesi. Wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya na Marekani huwanunua kwa bei kubwa na kuwaita kwa majina ya vijiji vyetu, ilhali watoto wengi wa vijiji hivyo hawajaambiwa kwamba wanaogelea juu ya hazina.

Uzazi wao ni wa uangalifu kuliko wingi. Jike hutoa mayai machache, mara nyingi hayafiki ishirini, kisha huyaweka kinywani na kuyalea humo kwa wiki nne hivi. Jamii ya genge moja ikifa hakuna wa kuja kuziba pengo, kwa kuwa jirani aliyeko ng'ambo ya mchanga hawezi kuvuka, na akivuka si yule yule. Huyu ndiye tumbawe letu.

Adui wake pia ni wa tumbawe. Mvua inapopiga milima iliyopoteza miti kwa mashamba ya mihogo, kwa makaa na kwa moto wa kiangazi, udongo mwekundu hushuka na mito hadi ziwani. Ukitazama mdomo wa mto Mutambala baada ya mvua kubwa utauona utandu wa tope ukisambaa mbali. Tope hilo hutua kwenye mawe, hufunika ukoga ambao ndio chakula, na huziba nyufa za kujifichia. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walichapisha uchunguzi uliolinganisha pwani za ziwa zilizo chini ya milima yenye misitu na zile za kaskazini ambako milima imelimwa. Palipo na tope jingi, aina za viumbe zilikuwa chache sana kuliko palipo safi. Na maji ya Tanganyika hayabadiliki upesi. Hukaa kwa karne nyingi kabla ya kupata njia ya kutoka, kwa hiyo tulichokimwaga humo tumewawekea wajukuu.

Hapa amri ya miezi mitatu haisaidii neno. Mvua kubwa hazinyeshi kati ya Mei na Agosti, na tope halina leseni ya uvuvi ya kunyang'anywa.

Msafiri hulelewa kwa mkazi

Kuna anayeweza kusema: samaki wa mawe hatumli, tuhangaike na ndagala. Ni hoja ya mtu mwenye njaa, na inastahili jibu la heshima.

Baharini viumbe hawa wawili wanategemeana. Ng'amba hula sifongo zinazoshindana na matumbawe kugombea nafasi, na tumbawe likifa ng'amba hukosa meza yake. Miamba ya matumbawe imefunika chini ya asilimia moja ya sakafu ya bahari, lakini karibu robo ya aina zote za viumbe wa bahari huitegemea katika sehemu fulani ya maisha yao. Mkazi ni mlezi wa msafiri.

Ziwani ni vivyo hivyo. Sangala wakubwa tunaowataka sokoni hawaanzii maisha katikati ya ziwa. Watoto wao hukulia pwani, katika majani na mawe, mpaka wapate nguvu za kwenda kwenye maji mengi. Ndagala wachanga nao husogea karibu na ufuo kabla ya kurudi majini wazi. Pwani iliyozibwa na tope ni nyumba ya uzazi iliyobomoka. Mtu anayekokota kokoro ufukweni, au anayevua kwa chandarua cha mbu, hachukui samaki mmoja mmoja. Anachukua kizazi cha mwaka ujao kabla hakijawa chakula cha mtu yeyote.

Juu ya hayo kuna joto, adui wa wote wawili. Maji ya juu ya ziwa yamepata joto ambalo halikuwahi kufikiwa kwa miaka 1,500 iliyopita, kwa ushahidi wa udongo uliochimbwa chini ya ziwa na kuchapishwa mwaka 2010. Maji ya joto ni mepesi, hukaa juu ya maji baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na pepo za kiangazi hushindwa kuyachanganya. Rutuba iliyo kilindini haipandi, ukoga haukui, na ndagala anakosa chakula. Utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake, wa mwaka 2003, ulionyesha kwamba uzalishaji wa msingi wa ziwa ulikuwa umeshuka kwa kama asilimia 20, kiasi kinachoweza kupunguza mavuno ya samaki kwa asilimia 30. Hewa nayo imepungua chini. Upande wetu wa kaskazini, kupita mita mia moja hivi, maji hayana oksijeni, na mpaka huo umekuwa ukipanda. Utafiti mwingine, wa 2016, ulikadiria kwamba sakafu ya ziwa yenye hewa imepungua kwa asilimia 38 tangu miaka ya 1940. Mkazi wa mawe anabanwa: tope linamjia kutoka juu, ukosefu wa hewa kutoka chini.

Kazi iliyo mbele yetu

Ninajua ninaandika kuhusu teritware iliyoishi na vita kwa karibu miaka thelathini. Kuanzia 1996 maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa hili usiku kwenda Kigoma, na wengi walikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kabla ya kurudi kwa gati la Baraka. Tangu 2015 kambi ya Lusenda imewapokea wakimbizi wa Burundi. Baada ya Bukavu kuanguka mikononi mwa waasi Februari 2025, hofu na wahamiaji vimeshuka tena kuelekea kusini. Maji yenyewe yamepanda tangu 2020 na kubomoa nyumba za ufuo. Kumwambia mtu aliyepitia hayo asivue, halafu ukamwacha hapo, ni ukatili. Kila ulinzi wa ziwa unapaswa kuanza kwa kumhesabu mvuvi kama mwenye ziwa.

Kwa hiyo ninaleta mapendekezo matatu, na yote yanawezekana bila kungoja amani kamili.

La kwanza, kokoro na chandarua viondoke ufukweni mwaka mzima, si miezi mitatu tu, na kamati za wavuvi zenyewe zisimamie, kwa sababu ndizo zinazomjua mwenye nyavu hizo. Serikali na wafadhili wabadilishane: mtu akileta kokoro apewe wavu wa matundu halali.

La pili, magenge machache ya Ubwari yatengwe kuwa mazalio, kwa makubaliano ya wavuvi, machifu na viongozi wa dini. Ng'ambo yetu jambo hili linafanyika. Hifadhi ya Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985, ina ukanda wa maji wa kilomita 1.6 kutoka ufuoni, na vijiji jirani vimeweka mazalio yao vikisimamiwa na kamati za wavuvi. Wataalamu hatuhitaji kuwatafuta mbali. Kituo cha utafiti wa maji kipo Uvira, kikiwa na watu waliolisoma ziwa hili maisha yao yote. Kazi yao iwe kuonyesha genge lipi lina jamii isiyopatikana pengine, kazi yetu iwe kulilinda.

La tatu ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, kwa sababu linaunganisha dawa ya kasa na dawa ya tumbawe. Miezi ya kufunga ziwa ni kiangazi. Wavuvi wana mikono na hawana kazi. Ndiyo miezi ya kuchimba matuta kwenye miteremko, kuandaa vitalu vya miti, na kutayarisha kingo za Mutambala na vijito vyake, ili mvua za Septemba zikianza majani ya mabingobingo na miche vishike udongo. Fedha zinazokuja Fizi kwa jina la chakula, la mazingira au la wahamiaji zitumike kuwalipa wavuvi na wake zao kwa kazi hiyo, siku kwa siku, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mvuvi atakula bila kuvua, ndagala atapata nafasi ya kukua, na samaki wa mawe atapunguziwa tope linalomfunika.

Joto la dunia halitapozwa na Baraka. Wanaolileta zaidi wako mbali, na viongozi wetu wana haki ya kuwadai kila wanapokaa nao meza moja. Lakini matumbawe yametuonyesha jambo jingine pia: mwamba ulioepushwa na tope na nyavu haribifu hupona upesi zaidi baada ya joto kupita. Kulipunguzia ziwa majeraha tunayolitia sisi wenyewe ni kulipa nguvu ya kuvumilia yale tusiyoweza kuyazuia.

Kasa wa kijani alihitaji zaidi ya miaka arobaini ya mapatano kutoka katika orodha ya hatari. Ndagala, anayezaa ndani ya mwaka, hahitaji muda huo; misimu michache iliyotiiwa na nchi zote nne itaonekana kwenye sahani. Samaki wa mawe wa Ubwari na Bemba hawana misimu ya kupoteza, maana genge likitoweka na rangi yake imetoweka duniani. Viongozi wa Baraka, wa sekta za Mutambala na Tanganyika, na wote wanaoshika bajeti za misaada katika Fizi, wakutane kabla ya 15 Mei ijayo wapange majembe, miche na ujira. Mvuvi akiambiwa aweke mtumbwi nchi kavu, aambiwe siku hiyo hiyo kazi inayomngoja mlimani na malipo yake.